Mbona Haijalia?

Mwenyekiti wa kamati ya harusi akikuuliza "kamera yenyewe iko wapi?" na wewe umeishika mkononi, ujue malipo mliyopatana yameshaanza kushuka. Mimi hupiga picha za harusi na sendofu mwisho wa wiki hapa Dar es Salaam. Jumatatu hadi Ijumaa nina ajira inayonilisha na kuugharamia ugonjwa huu wa kamera. Swali hilo nimeulizwa Sinza, nimeulizwa Mbagala, na safari moja nimeulizwa Bagamoyo na mzee aliyekuwa na miwani mbili, moja puani na nyingine juu ya paji la uso, na zote hazikumsaidia.

Siwalaumu. Kamera ya kazi waliyoizoea ni dude jeusi, zito, lenye nundu kichwani. Ndani yake mna kioo kilichoegemezwa mbele ya filamu au kihisi. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, mwanga unapita, kioo kinajibwaga mahali pake. Ule mlio wa "kacha!" ambao watoto wa mtaani huuigiza kwa ulimi unatokana kwa sehemu kubwa na kioo hicho. Mwaka 2008 Panasonic wakatoa Lumix G1, kamera ya kubadilisha lenzi isiyo na kioo, yaani mirolesi: ukichungulia, unachokiona ni skrini ndogo. Mwaka 2013 Sony wakaleta A7 yenye kihisi kikubwa, cha fulu fremu. Canon na Nikon, waliokuwa wakionja onja maji kwa kamera ndogo zaidi za aina hiyo, wakatumbukia na fulu fremu zao mwaka 2018. Sifa zilikuwa zile zile kila upande: ndogo, nyepesi, kimya. Nikauza dude langu, nikanunua mirolesi. Hakuna aliyekuwa ameiuliza kamati.

Tuanze na huo ukimya. Katika picha ya ukoo, bibi wa bwana harusi aliketishwa kiti cha katikati, kilemba kikanyooshwa, fimbo ikawekwa sawa, wajukuu wakapangwa nyuma yake kwa urefu. Nikapiga. Nikapiga tena. Nikawaambia asanteni sana, wajukuu wakatawanyika kuelekea kwenye pilau. Bibi hakutikisika. Alikuwa bado amekaza shingo, anatazama lenzi.

"Bibi, tayari."

"Tayari nini?"

"Nimeshapiga, bibi."

"Umepiga na nini? Mbona haijalia?"

Nikamwonesha picha kwenye skrini ya nyuma. Akaitazama kwa muda, akakubali kwamba huyo ni yeye, lakini akataka kujua hiyo ilipigwa lini, kwa sababu yeye hajasikia kitu. Ilibidi wajukuu warudishwe kutoka kwenye pilau, wengine wakiwa na mashavu yaliyojaa. Safari hii nikaingia kwenye menyu, nikawasha ule mlio wa bandia ambao watengenezaji wameuweka humo, nikaupandisha mpaka mwisho. Kamera ikasema "kacha" kwa sauti ya simu ya mtoto. Bibi akashusha mabega, akavuta pumzi, akaomba fimbo yake.

Ukimya una gharama nyingine ambayo huoni mpaka umefika nyumbani. Shata ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti, haichukui picha nzima kwa mpigo mmoja. Kwenye kamera nyingi husoma mstari baada ya mstari, toka juu kwenda chini. Umeme wetu ni wa hezi 50, maana yake taa nyingi za ukumbini zinapanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Jicho la binadamu halishituki, ila kamera inaandika kila kitu. Nilimpelekea mama mmoja picha za mwanawe akiingia ukumbini, shela jeupe likiwa na michirizi ya giza kutoka kichwani mpaka sakafuni. Mama alizipitia kimya kimya, kisha akauliza kwa upole wa kutisha: "Mwanangu, hili shela la mistari kavalishwa na nani? Sisi tulikodi jeupe."

Tiba yake nilipewa kijiweni. Kijiwe chetu kiko Magomeni, kwenye benchi la muuza kahawa, asubuhi za Jumamosi. Wako Ticha, anayefundisha fizikia sekondari; Fundi, anayetengeneza redio na simu na chochote chenye skrubu; Bosi wa Benki, ambaye cheo chake hatukijui ila ndiye mwenye lenzi za bei mbaya; na Dada wa Tabata, ambaye kati yetu sote ndiye pekee anayeishi kwa kamera. Sisi wengine tunaishi na kamera, jambo ambalo ni tofauti na halilipi. Ticha akasema weka spidi ya shata 1/50 au 1/100, uende sambamba na umeme, mistari itaondoka. Na kweli huondoka, kwa taa za kawaida. Taa za madijei hazikusoma shule moja na Ticha. Kila moja inapepesa kwa mwendo wake. Siku hizi ukumbini natumia shata ya chuma, ambayo mirolesi yangu inayo pia. Mlio wake ni mdogo, wa kubana pua, lakini ni wa kweli.

Kuhusu udogo, mwenye dawa alikuwa Dada wa Tabata.

"Ikuze," alisema, bila kuinua macho kwenye kikombe.

Kwa maelezo yake, kamati hailipi picha. Picha wataziona baada ya wiki mbili, na wakati huo kamati imeshavunjwa na mweka hazina hapokei simu. Kamati inalipa kile inachokiona mlangoni. Kwa hiyo yeye chini ya kamera yake kafunga gripi, lile boksi la betri mbili linaloifanya kamera ndogo iwe na kimo cha kamera mbili. Mbele ya lenzi kaweka hudi, lile duara la plastiki la kukinga mwanga, la ukubwa ambao lenzi yenyewe haikuuomba. Na juu kabisa kachomeka maikrofoni iliyovikwa manyoya. Bosi wa Benki akamuuliza hiyo maikrofoni inarekodi nini, na yeye harusini anapiga picha za mnato peke yake.

"Inarekodi heshima," akajibu.

Hata waya wake haukuwa umechomekwa popote.

Nikanunua gripi. Nikanunua hudi. Maikrofoni nikaazima manyoya yake tu, ndani nikaweka sponji. Harusi iliyofuata mwenyekiti alinipokea getini kwa mikono miwili, akamwambia mwenzake "naam, huyu ndiye mpiga picha," na chakula nikaletewa kwenye sahani ya wageni, yenye kuku, badala ya ile ya wahudumu ambayo kuku hupita karibu yake. Picha zilikuwa zile zile. Kamera ile ile, lenzi ile ile, mikono ile ile inayotetemeka saa ya keki. Kilichoongezeka ni plastiki na uzito, na bega la kulia likaanza kushuka kuliko la kushoto, jambo ambalo fundi cherehani alilibaini kabla yangu.

Kwa wiki moja niliamini nimeyamaliza mambo. Jumapili nikamchukua mke wangu twende kupunga upepo kwenye bustani moja iliyo jirani na bahari, nimpige picha mbili tatu za kwake, kwani analalamika kwamba albamu ya nyumbani imejaa maharusi wa watu. Getini mlinzi akanyoosha mkono.

"Hiyo ni kamera ya waandishi wa habari. Kibali?"

"Afande, hii ni ya kawaida tu. Nampiga mke wangu."

"Ya kawaida ina manyoya?"

Sikuwa na jibu la manyoya. Vijana watano wakapita pembeni yetu na simu zilizofungwa kwenye vishikio vya kuzuia mtikisiko, mmoja kabeba taa ya duara yenye mguu wake, wanarekodi wimbo mzima na wachezaji, mlinzi akawasalimia. Mke wangu akanitazama. Nikaweka kamera juu ya ukuta mfupi wa geti, nikang'oa manyoya, nikafungua hudi, nikaizungusha skrubu ya gripi mpaka ikaachia. Mlinzi alisogea kuangalia, akapendezwa kabisa, akanishikia hudi. Mwisho nikabaki na kile kiboksi cha asili chenye lenzi fupi.

"Sasa hiyo ndiyo kamera ya kawaida," akasema. "Pita."

"Na hivi vingine?"

"Weka kwenye begi, si una begi?"

Tulipita na kila kitu. Ndani ya bustani mke wangu alinihesabia kwa vidole: kidole cha kwanza, bei ya kamera kwa kuwa ni ndogo, kidole cha pili, bei ya kuikuza, kidole cha tatu akakiacha hewani.

Ila watu wanaodhani mambo haya ni ya wapiga picha wa harusi tu hawajakutana na Ticha. Yeye hapigi picha kwa fedha, hivyo hana kamati ya kumzuia. Kilichomvuta kwenye mirolesi ni milimita. Kwenye Nikon za kioo, toka pale lenzi inapokaa mpaka kwenye kihisi ni milimita 46.5, kwenye Nikon Z ni 16. Canon walikuwa na 44, wakashuka mpaka 20. Kioo kimeondoka, nafasi yake imebaki tupu, na nafasi tupu unaweza kuijaza kwa duara la chuma linaloitwa adapta, ukavalisha lenzi ya zamani ya karibu kampuni yoyote. Hili Ticha hulieleza kila Jumamosi kwa vikombe viwili vya kahawa na kizibo cha soda, na kila Jumamosi muuza kahawa humdai kikombe cha tatu.

Alichovalisha ni Helios 44-2, lenzi ya Kisovieti ya milimita 58 na uwazi wa f/2, mashuhuri kwa kuyasokota majani ya nyuma yakaonekana yanazunguka. Aliinunua kwa mzee mmoja aliyesoma Urusi enzi hizo, akarudi na shahada, koti zito asilolivaa tena, na kamera. Lenzi ilikuwa imelala kabatini kwa miongo, na kwa joto na unyevu wa mji huu kuvu walishajenga ndani: nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa toka ukingoni. Fundi akaifungua juu ya gazeti, akaifuta, akaifunga, ikabaki skrubu moja. "Hiyo ilikuwa ya ziada," akasema Fundi, kwa uhakika wa watu wa kazi yake.

Helios haina mota. Fokasi unaizungusha kwa mkono, na mirolesi inakusaidia kwa kuchora mistari myekundu kwenye kingo za vitu vilivyo wazi. Ticha alialikwa harusi ya mpwa wake akaja nayo. Maharusi walipoanza kulishana keki, akaanza kuzungusha. Mistari myekundu ikamshika bwana harusi sikioni, ikahamia kwenye kisu, ikaruka kwa MC. Alipoipata kwenye macho ya bibi harusi, bibi harusi alikuwa amekaa, keki imegawiwa, na mashangazi wanaingia na zawadi. Ana picha moja bora sana ya ile siku. Ni ya mwarobaini uliokuwa nyuma ya ukumbi, unazunguka wote.

Bosi wa Benki yeye hazungushi kitu. Kamera yake inatafuta jicho la binadamu yenyewe, inaliwekea kiboksi, hailiachi. Mashine ya ajabu kweli, nami huionea wivu. Tatizo ni kwamba haijaambiwa jicho lipi. Alijitolea kupiga kikao cha makabidhiano kwenye ofisi fulani, na kama ilivyo desturi ya ofisi zetu, ukutani kulikuwa na picha ya Baba wa Taifa na ya Rais aliye madarakani. Mgeni rasmi alikuwa na miwani inayomeremeta, anahutubia huku ameinamia karatasi. Kamera ikapima macho yote yaliyokuwemo chumbani, ikachagua yaliyotulia. Picha zote muhimu, Mwalimu Nyerere ametoka mkali, unaweza kuhesabu nywele za masharubu. Mgeni rasmi ni kivuli cha bluu chenye tai. Bosi hakujua azifanyeje. Kuzifuta ni kumfuta Mwalimu. Akazituma zote, na ofisi ikamshukuru kwa barua.

Ni huyo huyo Bosi aliyetupa fumbo la betri. Kamera za kioo zilikuwa wavivu wa kula umeme: Canon 5D Mark III ya mwaka 2012 ilipimwa kwa kipimo cha CIPA, umoja wa watengenezaji wa kamera, ikapata picha 950 kwa betri moja. Sony a6000 ya mwaka 2014 ilipata 360, maana skrini au kidirisha kinawaka muda wote. Hilo tunalijua, tunabeba betri za akiba mifukoni zikigongana. Lakini betri ya Bosi ilikuwa ikiisha kabla hata hajapiga picha ishirini. Alibadilisha chaja. Akanunua betri za bei nafuu mjini, mojawapo ikavimba kama andazi ndani ya kamera, ikawa haitoki. Fundi akaitoa kwa koleo na maneno makali. Betri mpya halisi nayo ikaisha vile vile.

Aliyegundua ni Dada wa Tabata, kwa kumtazama tu Bosi akiwa amesimama. Karibu na kidirisha cha kuchungulia kuna kijicho kidogo cheusi kinachohisi ukisogeza uso. Uso ukija, kidirisha kinawaka. Bosi huvaa kamera shingoni, mkanda mrefu, na Mungu amemjaalia kitambi cha wadhifa wake. Kamera ilikuwa imelala juu ya kitambi, kijicho kimeegemea shati. Ilidhani anachungulia. Tangu asubuhi mpaka jioni, kidirisha kilikuwa kinamulika, kinalionesha tumbo mandhari yote ya Dar es Salaam.

"Fupisha mkanda," akasema Dada.

"Au?" akauliza Bosi.

"Hakuna au."

Memori kadi za bandia sitazisemea sana, kila mtu ana yake. Imeandikwa GB 128, kompyuta inasoma GB 128, ndani mna nane. Imefundishwa kudanganya, na ukishajaza hizo nane picha zinazofuata zinaandikwa juu ya zile za mwanzo au zinakwenda kusikojulikana. Kuna programu ya bure, H2testw, inayoijaza kadi yote kisha inaisoma tena kuona kama ilichopewa kimo. Inachukua saa nyingi. Endesha ukilala, kabla ya harusi.

Cha kuwaambia kwa kirefu ni joto, kwa kuwa kwenye vitabu vya maelekezo joto ni kurasa mbili za mwisho, nasi tunaishi ndani ya kurasa hizo. Mwezi Machi, jua la saa tisa, nilipewa lifti kwenye gari la maharusi, kiyoyozi kikivuma mpaka wasimamizi wanatetemeka. Kamera ilikuwa pajani kwangu, imepoa hadi chuma chake kinauma. Tulipofika kanisani nikaruka wa kwanza ili nimpige bibi harusi akishuka. Hewa ya Machi ilipoigusa lenzi, kioo chote kikawa maji. Nikafuta kwa shati, ikarudi. Nikafuta, ikarudi. Dawa ni kuifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni ukiwa bado garini, ipate joto polepole humo humo, na kuna mtu aliyeliambia gari zima hivyo, ila alikuwa ni Fundi, na tulikuwa tumeshafika.

Nikapiga hivyo hivyo. Mlango wa gari ni weupe, shela ni weupe, bibi harusi ni mwanga unaotembea, na baba yake ni doa la suti. Nilizificha zile picha mwisho kabisa wa faili. Siku mbili baada ya kukabidhi kazi, mama mzazi akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Zile picha za mwisho."

"Mama, zile ni..."

"Zile za moshi moshi. Ndizo tunazotaka zikuzwe za ukutani. Umezifanyaje, ni kompyuta?"

Nikamwambia ni filta maalumu. Ada yake akaiongeza bila kuulizwa. Sasa anazitaka na dada yake, ambaye harusi ya mwanawe ni mwezi Julai, hali ya hewa kavu, na mimi natafuta gari lenye kiyoyozi kikali zaidi.

Ticha, wiki iliyopita, alikuja kijiweni amechelewa na mfuko wa rambo. Yule mzee wa Urusi amemuuzia na kamera yenyewe, ile ambayo Helios ilikuja nayo: Zenit-E. Ni chuma kitupu. Haina skrini, haina menyu, haina betri hata moja; kipima mwanga chake kinajiendesha kwa mwanga wenyewe unaokiangukia. Na ndani ina kioo. Ticha akaivua Helios kwenye mirolesi yake, akaitoa ile adapta aliyoitolea mhadhara miezi yote hii, akairudisha lenzi kwa mama yake. Filamu hakuwa nayo. Akaizungusha, akatuelekezea benchi zima, akabonyeza.

Ilipiga kelele mpaka kuku wakahama. Dada wa Tabata akaomba kuishika, akaipima uzito kwa mkono mmoja, akauliza bei. Muuza kahawa, ambaye kwa muda wote tuliokaa kwake hajawahi kugeuka kwa ajili ya kamera yoyote, aliweka dele chini, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Rudia hiyo, Ticha," akasema. "Nilikuwa nimefumba macho."